Mtangazaji na Winga wa Kushoto

Nilimjua kwa masikio kabla sijamjua kwa uso. Uhuru ulikuwa bado mpya nilipoajiriwa posta ya Bujumbura, katika chumba cha simu, na kila Jumapili yenye mechi kazi yangu ilikuwa kuunganisha waya wa uwanjani na waya wa redio. Televisheni hatukuwa nayo wakati ule, mpira ulikuwa kitu cha kusikia. Yeye alikaa uwanjani na mikro yake, kile kipaza sauti, juu ya meza ya mbao, sauti ikaja kwangu kwa simu, mimi nikachomeka fishi, kile kijiti cha shaba chenye waya nyuma yake, kwenye tundu la redio. Kutoka hapo alisikika mjini kote, akasikika Uvira, na siku ambazo hewa ilikuwa nzuri alifika hata Kigoma. Nikikosea tundu, mji mzima ulikosa mpira.

Watu walimwita Mtangazaji, na mimi nitamwita hivyohivyo. Redio ilikuwa na watangazaji wengine, wa Kirundi na wa Kifaransa, lakini ukisema Mtangazaji, basi, mtaa wetu wa Buyenzi mzima ulijua unamsema nani. Yeye naye hakuniita kwa jina langu. Nilikuwa Dada wa Posta, hata tukikutana sokoni nimebeba ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Kabla ya mechi tulijaribu waya.

“Dada wa Posta, unanipata?”

“Nakupata, kaka, lakini kama mutu mwenye mafua.”

“Basi gusagusa huko. Leo mi siwezi kuwa na mafua.”

Nikagusagusa. Sauti ikasafika, na pale pale ikabadilika, ikawa ya mtu mwingine. Sauti yake ya kawaida ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba apishwe. Ile ya uwanjani ilikuwa nzito na haikuwa na haraka, hata mpira ukiwa na haraka. Wengine walipiga kelele. Yeye, hatari ikikaribia goli, alishuka, akasema polepole na karibu kabisa na mikro, mpaka mimi mwenye visikilizio masikioni nikajikuta nimeacha kupumua. Wanaume wa Buyenzi, mafundi wa magari na wenye maduka, walikuwa wakikaa kuzunguka redio moja wameinamisha vichwa kama wanatafuta kitu kilichoanguka.

Jambo alilolishika kuliko yote ni majina. Fulana nyingi hazikuwa na namba, na zilizokuwa nazo zilifuliwa mpaka namba ikawa doa. Kwa hiyo kila Alhamisi alikwenda mazoezini, akasimama nyuma ya wachezaji, akawatazama wanavyokimbia.

“Uso wa mutu unabadilika akikimbia,” aliniambia. “Mugongo apana. Mi nawajua kwa mugongo.”

Na jina lenyewe alitaka alitamke kama linavyotamkwa nyumbani kwa mtu. Alikwenda kwa wazazi kuuliza. Hivyo ndivyo alivyomjua mama yake Melkiori, winga wa kushoto wa timu ya maghala. Mama huyo alikuja kwa miguu kutoka Carama, nje ya mji, amejitwika lengalenga, akauza kando ya soko letu. Mtangazaji akachuchumaa mbele ya mboga zake, na viatu vyake vilivyong’aa, akamuuliza, “Mama, mutoto wako munamuita namna gani?” Mama akasema. Yeye akarudia. Mama akamsahihisha. Akarudia tena na tena, mpaka wauzaji wa jirani wakaanza kucheka na mama mwenyewe akacheka, akamfungia fungu la mboga bila kulipwa. Jumapili ile nikasikia jina hilo likitoka kwenye waya jinsi mama alivyolisema, na watu wa sokoni wakaniambia kwamba mama alisimama kando ya redio ya muuza chumvi hadi mwisho wa mechi, yeye ambaye hakuwa anajua goli ni kitu gani.

Alikuwa mtu mgumu. Siku moja waya ulikwaruza kwa nusu nzima ya mechi kwa sababu fundi alikuwa ameacha kifuniko wazi, na Mtangazaji aliamini kosa ni langu. Hakunisemesha mwezi mzima. Majaribio ya waya aliyafanya kwa kukohoa. Alikohoa, nikakohoa, mechi ikaanza. Posta nzima ilijua tumegombana na kila mtu alikuwa na maoni yake. Mwisho alikuja na maandazi yamefungwa gazetini, akayaweka kwenye meza yangu, akasema kifuniko kimepona, akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyoomba radhi.

Nyumbani hakusema. Mkewe alituambia kwamba siku mbili zinaweza kupita bila neno isipokuwa la salamu. “Huyu mutu anamalizia maneno yote kule uwanjani,” alisema. “Sisi anatuletea makapi.”

Aliheshimu ukweli, lakini nao nilimwona akiukosa. Kulikuwa na mechi moja ya mvua. Mvua ya Bujumbura ikishuka kutoka milimani haionyi mtu. Aliendelea kutangaza, mpira unapigwa, kipa anaruka, anaokoa, kona, kichwa, mlingoti. Dakika kumi hivi. Mimi nikajua kuna kitu, maana nyuma ya sauti yake sikusikia watu, nilisikia mvua tu juu ya bati. Baadaye ikajulikana kwamba refa alikuwa ameshasimamisha mchezo na wachezaji wamejibanza chini ya paa, wanakamua fulana. Mtangazaji hakuona hata mita tano mbele yake, akaogopa kunyamaza, akatunga. Jumapili iliyofuata, kabla ya mechi kuanza, aliwaambia wasikilizaji wazi kwamba zile dakika kumi hazikuwepo, kwamba alizitoa kichwani mwake, na anaomba wasamehe. Watu walicheka wiki nzima. Kule Uvira, nasikia, kuna mtu aliendelea kuapa kwamba ile kona aliiona kwa macho.

Na alikuwa muoga. Hili watu hawakulijua, kwa sababu sauti ile haikuwa ya muoga. Akimwona askari mbele alivuka barabara, hata kama hana kosa, hata kama askari mwenyewe ni shabiki wake anayetaka kumsalimu. Siku moja mashabiki waliokasirishwa na goli alilosema ni la kuotea walimsubiri mlangoni mwa uwanja, naye akapitia nyuma, akaja kujificha kwenye chumba chetu cha simu, akakaa chini katikati ya makabati. Nilimpa chai. Hakuweza kushika kikombe. “Usiwaambie watu, Dada wa Posta,” alisema, na mimi sikumwambia mtu.

Ndiyo maana lililotokea mwaka ule lilinishangaza kuliko lilivyowashangaza wengine.

Mwaka ninaousema, wa kumi tangu uhuru, waliokuwepo wanaujua, na wasiokuwepo wamesimuliwa. Watu walichukuliwa kwa magari, mchana, kazini na shuleni, na hawakurudi. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje jioni. Mechi zilisimamishwa. Mimi pale kwenye simu nilisikia zaidi ya nilivyotaka kusikia. Mtu alipiga kutoka bara, kule milimani, akauliza, “Amefika huko?” Upande wa pili ukajibu, “Hapa hajafika mutu.” Nilikuwa nikitoa fishi, nachomeka nyingine, na swali ni lile lile. Tulizoea kutotazamana usoni sisi wa chumba cha simu. Meza mbili zilibaki bila wenyewe na hakuna aliyeuliza.

Melkiori alikuwa karani wa ghala. Walimchukua saa sita mchana, anatoka kula. Baiskeli yake ilibaki imeegemezwa ukutani siku nyingi, kila mtu anaizunguka, hakuna anayeigusa. Mama yake aliendelea kuja sokoni. Alikaa na mboga zake, na watu wakanunua haraka wakaondoka haraka. Kusimama mbele yake kulikuwa hatari, na kutosimama kulikuwa aibu.

Kisha ikaamriwa mechi ichezwe. Mji ulitakiwa uonekane mzima. Timu ya maghala ilikusanya wachezaji waliobaki na kuazima wengine, na redio ikaambiwa itangaze.

Jumapili hiyo nilipofika kazini nilikuta mtu amekaa kwenye kiti kando ya meza yangu. Alivaa koti la kaki na alinisalimu kwa adabu sana. Akaniwekea karatasi yenye majina ya wachezaji wa pande zote mbili, yamepigwa kwa mashine.

“Dada, kazi ya leo ni nyepesi,” alisema. “Utasikiliza. Akitaja jina lolote lisilo kwenye karatasi hii, unatoa fishi. Unaelewa?”

“Naelewa, bwana.”

“Yeye ameshaambiwa. Hatutegemei shida.”

Alikuwa na visikilizio vya pili, akavivaa. Nikafungua waya wa uwanjani.

“Posta,” sauti ilisema. Hakusema Dada. “Unanipata?”

“Nakupata.”

“Basi.”

Alisoma majina kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Alipofika winga wa kushoto akalisoma jina la yule kijana wa kuazimwa, akaendelea. Niliona mtu wa kaki anaweka alama kwenye karatasi yake. Nusu ya kwanza ilikwisha hivyo. Sikuwahi kumsikia Mtangazaji akitangaza vibaya kama siku ile. Alichelewa nyuma ya mpira, akarudia maneno, akasema “mchezaji” mahali ambapo siku zote angesema jina. Niliomba Mungu mechi iishe bila bao, nikajua sehemu zote mjini watu wanaomba kitu hicho hicho, kwamba pasitokee kitu.

Nusu ya pili ikaanza, na taratibu akaanza kurudi katika sauti yake. Hilo ndilo lililonitisha. Mpira ulikuwa mzuri, nadhani, na ukamchukua. Akaanza kushuka, polepole, karibu na mikro. Mkono wangu ulikuwa juu ya fishi tangu mwanzo, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

“Mpira unatoka nyuma,” alisema, “unavuka katikati, unakwenda kushoto, kule kushoto yupo Melkiori, Melkiori anaondoka nao.”

Alilisema kama lilivyosemwa Carama.

Nilitoa fishi. Nataka niseme wazi kwamba ni mimi niliyeitoa, mkono wangu, na hakuna aliyenisukuma. Lakini sikuitoa mara ya kwanza aliposema jina, niliitoa mara ya pili. Muda uliopita kati ya hizo mbili mtu hawezi hata kumeza mate ndani yake. Ukimya ulijaa masikioni mwangu, kisha redio ikaweka muziki.

Mtu wa kaki alivua visikilizio.

“Umechelewa,” alisema. Akaandika, akakunja karatasi, akaniaga kwa adabu ile ile.

Jumatatu walimchukua Mtangazaji nyumbani kwake. Tulijua habari imekwisha. Mkewe alianza kupokea watu kama wa msiba, wanaokuja wawili wawili na kukaa kidogo. Siku ya tisa akarudi kwa miguu, amekonda, jicho moja limefunga. Hakusema alikokuwa. Redio haikumfukuza, wala haikumpa mikro tena. Walimweka kwenye chumba cha kutunzia sahani za muziki, azipange na kuzifuta vumbi. Mimi nilihamishwa dirisha la stempu, na sikugusa waya tena.

Mji ulimfanya shujaa, kimyakimya, kama mambo yote yalivyofanywa wakati ule. Hakuna aliyetamka. Lakini kinyozi alimpisha mbele ya foleni. Msikitini wazee walimsogezea nafasi. Na kila siku ya soko mama yake Melkiori alipita kwanza nyumbani kwa Mtangazaji kabla ya kupanga biashara yake, akaacha fungu la lengalenga mlangoni. Mkewe alituambia kwamba mboga zile mumewe alizila macho yakiwa chini, na mara nyingine aliinuka kabla hajashiba.

Na mimi aliacha kunisalimu. Akiniona mbele, alivuka barabara kama alivyovuka kwa askari. Nilimwita mara mbili, hakugeuka. Watu waliona. Posta wenzangu walisema, wale wamerudia ugomvi wao wa zamani. Nilijua ni kitu gani. Alijua nani alikuwa kwenye waya siku ile, na nani alikata. Nililibeba hilo miaka saba. Niliolewa nikiwa nalo, nikazaa nikiwa nalo. Kila redio ilipotangaza mpira nilitoka nje.

Mwaka wa saba nikasikia amestaafu, amehamia kwa binti yake huko Kibenga, karibu na ziwa, na kwamba kifua kinamsumbua. Nikaona nikingoja zaidi nitakwenda kumwambia kaburini. Nikavaa, nikaenda alasiri moja.

Binti yake alinipeleka uani. Mtangazaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto. Aliniona, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama mlango nyuma yangu.

“Umekuja na nani?”

“Peke yangu, muzee.”

“Watu wamekuona unaingia?”

“Wakiniona ni nini? Ni miaka saba.”

Alifikiri, kisha akacheka kidogo, kicheko kilichomletea kikohozi. “Kweli,” alisema. “Ni mazoea. Kaa, Dada wa Posta.”

Nilipolisikia jina hilo machozi yalinitoka, na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakaruka. Nikasema tu, “Ni mimi nilitoa ile fishi.”

“Najua. Angetoa nani? Ilikuwa zamu yako.”

“Na ndiyo sababu hukutaka kunisalimia.”

Alikunja uso kama mtu asiyeelewa lugha. “Apana,” alisema. “Wewe ulifikiri hivyo? Miaka yote hii?” Akafuta mdomo kwa leso. “Kule walikonipeleka, waliniuliza habari zako siku nne. Yule mutu aliandika kwamba ulichelewa. Walitaka kusikia kwamba tulipatana, mi niseme, wewe uache lipite. Nikawaambia, yule dada na mi hatusemeshani. Aliniharibia waya, tukagombana, mi namkoholea tu. Nendeni mukaulize posta. Wakaenda kuuliza. Posta wote wakasema ni kweli, wale wanagombana.” Alivuta pumzi. “Sasa nikitoka nikusalimie barabarani? Watuone tunacheka?”

Binti alileta chai, akaweka, akaondoka. Yeye alikunywa, na niliona anataka kusema kitu kingine, lakini hakijui mlango wa kutokea.

“Watu wanasema nilifanya kwa kusudi,” alisema mwishowe.

“Mji wote unasema.”

“Mi nilisahau.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Nilisahau, dada. Miaka sita upande ule ulikuwa wake. Nusu ya kwanza nilijikaza, nilikuwa nahesabu kila neno. Halafu mpira ukawa mutamu, nikaacha kujikaza. Yule kijana wa kuazima, ukimtazama mugongo, alikuwa anakimbia vilevile, bega moja chini. Nikaona mpira unakwenda kushoto, nikamuona Melkiori. Nilipolisikia jina limeshatoka, nilikojoa. Pale pale kwenye kiti.” Aliweka kikombe chini. “Ningekumbuka, ningenyamaza. Wewe unanijua.”

“Nakujua.”

“Na yule mama alikuwa ananiletea mboga. Mi nazila. Niliwaza kumwambia, kila wiki niliwaza. Nikajiuliza, nitampa nini nikishamwambia? Tulipohamia huku nikashukuru Mungu kwamba ni mbali kwa miguu.” Akanitazama. “Lako la fishi mwambie ukiweza. Langu usimwambie.”

Nilimwahidi. Tukakaa mpaka jua likaelekea upande wa Kongo, tukazungumza habari za watoto na za bei ya sukari, na alipochoka binti yake akaja kumshika mkono. Aliniaga kwa sauti yake ndogo. Hakufika mvua nyingine. Nilikwenda kumzika na wengine wengi, na waliomsifu nilinyamaza nikawasikiliza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya soko iliyofuata ile ziara yangu ya Kibenga, mama yake Melkiori alikuwa mahali pake. Alikuwa ameshasikia nilikokwenda, kama kila kitu kinavyosikika Buyenzi.

“Umemuona?”

“Nimemuona, mama. Anakusalimia sana.”

Alichovya vidole katika kopo la maji, akanyunyizia mboga zisinyauke. Nilikuwa nimekuja kumwambia la kwangu, na nililiona liko mbali kabisa na mdomo wangu. Lilichukua siku nyingine kutoka, na hiyo ni habari yetu sisi wawili. Siku ile yeye ndiye aliyesema, na hakuniangalia.

“Alikwambia kwa nini alimuita mutoto wangu? Nilimsikia kwenye redio ya muuza chumvi, lakini mi sikumuuliza hata mara moja. Niliona haya.”

Watu walikuwa wakipita kati yetu na vikapu vyao. Nilingoja wapite.

“Alisema upande ule alimuona Melkiori,” nikamjibu. “Hakumuona mutu mwingine.”

Mkono wake ukabaki juu ya mboga, maji yakidondoka.

“Basi,” akasema mama. “Na mi nilimuona.”